Vitufe Vitatu

Jumatatu, 3 Machi

Kaka,

Shikamoo. Mimi mzima, mama mzima isipokuwa macho yake, na nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu hatuongei. Tunapandishiana sauti tu mpaka mmoja akate. Barua huwezi kuikata, kwa hiyo utaisoma mpaka mwisho.

Jana baada ya mazoezi kiongozi wa bendi alinikalisha pembeni, akaniambia kwa ule upole wake unaonitia kichefuchefu kwamba besi yangu haisikiki. Tarehe 29, Jumamosi mchana, mwenye hoteli anakuja kutusikiliza kabla ya kutupa mkataba wa mwaka mzima. Kama mpaka siku hiyo sina mashine inayoeleweka, mzee wa kinanda atapiga besi kwa mkono wake wa kushoto. Mkono wa kushoto, Kaka! Miaka sita nimepiga kwenye bendi hii. Nimepiga nikiwa na homa, nimepiga wiki tuliyomzika baba, na leo nafasi yangu ichukuliwe na nusu ya mzee mmoja. Sikubali.

Najua si uwongo kwamba sisikiki. Napiga kwenye spika ya kutangazia mikutano, ile ile anayotumia meneja wa hoteli tunakofanyia mazoezi kuita wageni waje kula. Ndiyo maana nakuja kwako, maana hakuna fundi mwingine ninayemwamini. Nataka mashine mbili. Ya kwanza ni priampu ya valvu, zile taa za kioo za redio za zamani; ndicho kile kisanduku cha mbele kinachopokea waya wa gitaa na kuipa sauti sura yake. Iwe na vitufe vitatu vya kuzungusha: cha sauti nzito, cha sauti ya kati na cha sauti nyembamba. Hicho cha kati usikifanyie mchezo, maana hapo ndipo besi inapopata pa kupita katikati ya tarumbeta na kinanda. Ya pili ni mashine ya nguvu, ile ya kuisukuma sauti mpaka kwenye spika. Hiyo iwe ya transista, nyepesi, niweze kuibeba kwa mkono mmoja. Nakaa ghorofa ya nne na lifti hakuna.

Mdogo wako,
Dole


Alhamisi, 6 Machi

Dole,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa kucheka. Mteja akija dukani akaniambia anataka valvu mbele na transista nyuma, namwambia akae kwanza anywe maji. Huo ni mshono wa koti la sufu na suruali ya nailoni. Valvu ni valvu, mwanzo mpaka mwisho. Baba alikuwa na valvu mbele na valvu nyuma, na transfoma mbili ambazo ukiziinua lazima uvute pumzi kwanza. Akigusa uzi, sauti ilikuja taratibu, nene, ikakaa chini ya waimbaji kama godoro. Watu walifunga safari kwenda kuisikia.

Ile amplifaya yake iko hapa, rafu ya juu. Niliapa sitaigusa na sitaigusa. Lakini naweza kukutengenezea pacha wake. Itafika kilo thelathini na kitu. Bendi ina wanaume, watakubebea.

Vitufe ndiyo kabisa, hata usiniambie. Wewe ni mtu wa kuchezea vitufe tangu utotoni, redio ya nyumbani ilikuwa haimalizi taarifa ya habari bila wewe kuigusa. Mpigaji aliyekomaa anaipanga mashine mara moja, anaisahau. Niachie mimi, hii ndiyo kazi yangu.

Mwambie mama dawa ya macho nimeipata, itakuja na mzigo.

Kaka yako,
Fundi


Jumamosi, 8 Machi

Kaka,

Bendi ina wanaume, na wanaume hao wana vyombo vyao. Mpiga ngoma peke yake ana ngoma saba. Nani atashuka nami ghorofa nne na kilo thelathini zako? Mwezi uliopita nilibeba spika peke yangu, bega likagoma, nikaoga kwa mkono mmoja siku tatu. Sikukuandikia kwa sababu nilijua utasema niache besi nikaimbe kama wanawake wengine.

Na habari za godoro acha. Mimi sipigi kama baba. Baba alizibembeleza nyuzi kwa vidole viwili. Mimi nazichapa kwa dole gumba, ndiyo maana mkanipa jina mlilonipa. Nikichapa nataka sauti itoke hapo hapo, kavu, ing'ate. Nikipeleka godoro mbele ya tarumbeta nne, ndipo nitakapozikwa kabisa.

Sijui kwa nini kila nikikuomba kitu unanipa ulichokitaka wewe. Nilipokuwa na miaka kumi niliomba baiskeli, ukaniundia redio. Nilisema asante. Sasa nina miaka thelathini na minne na sitasema asante tena kwa kitu nisichokiomba.

Nijibu jambo moja: unatengeneza nilichosema au hutengenezi? Kama hutengenezi natafuta fundi mwingine, na nikishamtafuta usiniulize tena habari za muziki maisha yako yote.

Dole


Jumamosi, 15 Machi

Dole,

Umeshinda. Mzigo huo hapo. Priampu ya valvu mbili, vitufe vitatu kama ulivyoamuru, na mashine ya nguvu ya transista, kilo tatu na nusu. Hata mama anaweza kuibeba.

Sasa sikiliza, maana nakujua kwa haraka zako. Washa priampu kwanza, ngoja dakika nzima valvu zipate moto, ndipo uwashe mashine ya nguvu. Wakati wa kuzima, anza na mashine ya nguvu. Usiweke kitu kingine katikati yao. Nimepima mwenyewe, ya mbele inaiamsha ya nyuma bila msaada wa mtu.

Na usikifungue kisanduku. Ndani kuna umeme wa volti mia tatu, na mwingine unabaki humo hata ukishazima. Utakutupa ukutani. Nimekaza skrubu, ziache zilivyo.

Usinishukuru.

Kaka yako,
Fundi


Jumamosi, 22 Machi

Kaka,

Leo sikusalimu.

Jumatatu niliwasha kama ulivyoandika. Nikazungusha kitufe cha kati mpaka mwisho, sikusikia kitu. Nikasema labda ni ukumbi. Jumanne nikamwambia mpiga ngoma ananifunika, tukatoleana maneno mbele ya bendi nzima, hatusemeshani mpaka leo. Jumatano nikasimama mbele ya spika nikavizungusha vyote vitatu, kushoto, kulia, kushoto, na besi iko vile vile, imejifunika blanketi. Kiongozi akaniuliza, "Wewe mwenyewe unasikia tofauti?" Nikasema ndiyo. Nilidanganya, Kaka, kwa sababu nilidhani masikio yangu yamekufa.

Alhamisi nikaenda kwa daktari wa masikio. Wakanifungia kwenye kile kichumba chao kisicho na dirisha, wakanivika vipokea sauti, nibonyeze kila nikisikia mlio. Nilikuwa nafikiria nitamwambiaje mama, ambaye macho yake ndiyo hayo, kwamba sasa na mimi masikio basi. Daktari akasoma karatasi yake akaniambia nasikia vizuri kuliko yeye.

Jana fundi umeme wa hoteli akakifungua kisanduku. Usihofu, anaijua kazi, aliumaliza kwanza ule umeme uliobaki ndani. Akachungulia, akaniita. Vitufe vitatu vimekazwa vizuri kwa nati zake, na nyuma yake hakuna hata waya mmoja. Miguu yote mitupu. Akaanza kucheka, akaniona uso, akaacha.

Hapo ndipo nikakumbuka. Kitufe cha mteja! Yule mwalimu wa kwaya aliyekuwa anakurudishia mashine kila wiki, ukamfungia kitufe kisichoshikana na kitu, akakizungusha dukani mbele yako na kusema, "Aah, sasa ndiyo sauti." Ulituhadithia mezani tukacheka mpaka mama akapaliwa. Na mimi nilicheka.

Umenifanya yule mwalimu wa kwaya. Mimi, niliyetumbukiza roho yangu yote kwenye barua mbili nikikueleza ninachotaka. Umekaa na pasi yako ya kulehemu ukaniona msumbufu wa kupumbazwa. Damu inanichemka mpaka mwandiko unanipotea. Jumamosi ijayo ndiyo siku yenyewe. Nieleze, na usinizungushe.

Dole


Jumatatu, 24 Machi

Dole,

Ndiyo, ni mimi. Sikatai.

Ulitaka nikueleze, basi kaa nikueleze. Bendi ya kwanza walikutoa kwa sababu ulikuwa unainamia mashine katikati ya wimbo. Ya pili uligombana na fundi mitambo kwa ajili ya hiyo hiyo sauti yako ya kati, nani alikuja kukuchukua na mabegi? Hii ni ya tatu. Nilijua nikikupa vitufe utavizungusha mpaka mwenye hoteli ainuke aondoke. Kwa hiyo nikakupangia sauti moja iliyo sahihi, nikaifunga. Vile vya mbele ni vya kuushughulisha mkono wako tu.

Na sauti hiyo sikuiokota barabarani. Niliiteremsha amplifaya ya baba, niliyoapa sitaigusa, nikapima kila kipande cha upande wa mbele na kukinakili, pamoja na ile kapasita, kile kipande kidogo cha kuchuja sauti, niliyombadilishia mwenyewe nilipokuwa ndiyo kwanza najifunza ufundi. Ile ilikuwa kazi yangu ya kwanza duniani. Mashine ilikuwa inakoroma, nikaitibu. Baba akapiga palepale sebuleni, akanishika kichwa, akasema, "Sasa imekaa." Akaipiga miaka kumi na tisa baada ya hapo, wala hakumruhusu fundi mwingine aifungue. Neno lile ndilo lililonifanya fundi. Kila nikikata tamaa na kazi hii huwa nalirudia. Unataka nikupe sauti gani iliyo bora kuliko hiyo?

Wewe ulichukua gitaa ukaondoka. Mimi nilibaki na kikohozi chake. Usinifundishe alivyosikika.

Kirudishe kifuniko, piga kama nilivyopanga. Utapata kazi, halafu unitukane vizuri ukiwa na mkataba mkononi.

Fundi


Jumanne, 25 Machi

Mwanangu,

Anayeandika ni mdogo wako, ninayesema ni mimi. Nimemwambia aandike hivyo hivyo ninavyosema, asipunguze, wala asichomeke matusi yake. Amenisomea barua yako. Alipofika kwenye kapasita nikamwambia arudie.

Nimemtunzia marehemu siri hii muda mrefu na nimechoka. Mashine ile uliiharibu. Ilikuwa inakoroma, ni kweli. Ulipoirudisha kukoroma kulikwisha, na sauti nayo ikaisha. Baba yako akapiga mbele yako, akakushika kichwa, akasema alichosema. Ulipotoka nje akaja akakaa jikoni, akaniambia, "Kijana kaiziba mdomo." Nikamwambia mwambie airekebishe. Akasema, "Nikimwambia ataiacha na hii." Maana ulikuwa umeshaacha gitaa, umeshaacha useremala, umeshaacha cherehani, na yeye alikuwa anakuogopea. Nikanyamaza. Nilikosea.

Akawa anapiga nayo hivyo hivyo. Hakuruhusu fundi mwingine aifungue kwa sababu fundi mwingine angeliona kosa na kukutangaza. Na mkono wake akaubadilisha. Nyinyi hamkuwahi kumwona kazini kabla ya hapo, mlikuwa watoto na kule watoto hawaingii, na nyumbani hakuchapa, aliwaonea haya majirani. Mimi nilimwona. Baba yenu alikuwa anachapa. Alikuwa anachapa kwa dole gumba kama huyu anayeandika. Mashine ilipozibwa mdomo, akichapa hakuna kinachotoka, ndipo akaanza kubembeleza na vidole. Watu wakasifu, na yeye akanyamaza na sifa zao.

Hapa mdogo wako ameacha kuandika. Nimemgombeza, ameendelea.

Kwa hiyo mnatoana macho kwa ajili ya sauti ambayo mwenyewe hakuitaka. Nimekasirika, na ninayemkasirikia zaidi ni yeye. Alikuvika kilemba cha ukoka akakuacha ukatembee nacho mjini miaka yote hiyo. Mimi nimekivua. Ukinichukia kwa wiki moja nitavumilia. Lakini vitufe vya mwanangu uje uviunganishe.

Mama yako


Alhamisi, 27 Machi

Mama,

Nilipoisoma nilisema Mama ametia chumvi. Nikaiteremsha tena amplifaya, nikafungua. Mchoro wake umebandikwa ndani ya kifuniko, umekuwapo siku zote, sijui kwa nini sikuwahi kuulinganisha. Kapasita niliyoweka ni kubwa mara mia ya inayotakiwa. Mara mia, Mama. Mwanafunzi wangu akifanya hivyo namrudisha kwao siku hiyo hiyo.

Nikaikata, nikaweka inayostahili. Nikachomeka gitaa la majaribio nikachapa uzi mmoja tu. Muuza viatu wa mlango wa pili alikuja mbio kuuliza kimepasuka nini. Nikazima, nikafunga mlango.

Ile kazi ilikuwa ya nusu saa. Angeniambia ningelia kidogo, ningeirekebisha, tungekula chakula cha mchana. Badala yake alininyamazia miaka kumi na tisa, na mimi nikalitembeza neno lake kama cheti. Nimewaambia mafundi wenzangu, nimewaambia wateja. Alinifungia kitufe cha mteja, Mama, na nilikuwa nakizungusha kila siku huku nasema sasa ndiyo sauti. Nina hasira naye, na hayupo wa kumpigia kelele.

Nimempa dereva wa basi barua hii iwafikie leo. Kesho saa nne asubuhi nitakuwa hapo. Dole asinisemeshe. Aweke meza karibu na dirisha na anitafutie soketi ya umeme isiyolegea.

Mwanao


Jumapili, 30 Machi

Kaka,

Shikamoo.

Umekuja, umelehemu vitufe na kapasita saa mbili nzima, umekunywa chai ukiwa umesimama, umeondoka na basi la saa nane kana kwamba tunakudai maisha yako. Mama alikuwa ameshakutandikia kitanda. Mimi nilikuwa nimejiandaa kukutukana tangu wiki iliyopita, maneno nimeyapanga kabisa, na ulipoingia na lile sanduku lako la vifaa umeliinamia hivyo, nikaishia kukuchemshia chai. Maneno bado ninayo. Usidhani yamekwisha.

Jana mwenye hoteli alikaa meza ya mbele na wageni wake wawili. Nilipandisha cha kati, nikangoja wimbo uanze, nikachapa. Kaka, ilinitoka hapo hapo. Niliisikia ikipita katikati ya tarumbeta na kwenda kugonga ukuta wa nyuma na kurudi. Mpiga ngoma, ambaye tulikuwa hatusemeshani, aligeuka akanitazama kama ameniona kwa mara ya kwanza, akaanza kunifuata. Nilikuwa nataka kulia na nilikuwa nataka kupigana, vyote pamoja. Tulipomaliza kiongozi akaja kuninong'oneza kwamba inang'ata mno, niipunguze. Mwenye hoteli akamsikia. Akasema, "Iacheni hivyo hivyo, ndiyo iliyoniamsha." Mkataba nimesaini leo asubuhi, jina langu la tatu kutoka juu.

Sasa kaa chini.

Kitufe cha sauti nyembamba umekiunganisha kinyume. Nikikizungusha kulia inapungua, nikikizungusha kushoto inaongezeka. Niligundua katikati ya wimbo wa pili, mbele ya mwenye hoteli, na robo nzima ya wimbo nilikuwa nahangaika kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Siku ile niliona umekaza skrubu bila kukipima, sikukuambia.

Fundi umeme wa hoteli anasema ni kubadilishana nyaya mbili tu, dakika tano, atafanya yeye na hutajua. Mama naye, baada ya barua yake yote ile, ananiambia, "Mwache mwenzio, ameshaumia. Zoea tu kuzungusha kushoto."

Nimewakatalia wote wawili. Umekosea, Kaka. Kisanduku kinakuja na basi la kesho. Kirekebishe, ukipime, unirudishie kabla ya Ijumaa, nina kazi.

Mdogo wako,
Dole